Kumtembeza Mama Mkwe Brussels

Ukiishi Brussels, kila ndugu anayekuja hudhani umeajiriwa kumwonyesha majengo. Miaka ile ya tisini nilishawapeleka wageni Grand-Place, uwanja wao mkuu wa kale, mpaka nikaichukia dhahabu iliyopakwa kutani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Alipokuja mama mkwe wangu, mimi sikupona.

Alitoka Lubumbashi kuja kunikagua, siwezi kulisema kwa adabu zaidi ya hapo. Mimi na binti yake tulikuwa tumefunga ndoa ya komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, kule Ganshoren, bila wazee. Mimi ni Mwislamu wa Bujumbura, nimekimbia vita, sina baba mdogo wala mjomba wa kwenda kunisemea ukweni. Kwao wakasema huyo mtu hatumjui. Basi mama akatumwa aje aone, na Jumatatu angerudi na neno lake. Akisema hapana, mke wangu hana kwao tena. Na muda wote aliokaa kwetu mama hakunipa jina wala cheo. Nilikuwa "ule bwana".

Jumamosi ya mwisho mke wangu, aliyekuwa akihudumia wazee huko Woluwe-Saint-Lambert, akaitwa kazini ghafla.

"Umupeleke weye," akaniambia huku akifunga viatu.

"Nimpeleke vipi, na yule ni mkwe?"

"Bon, ni mukwe. Donc asione mji?"

Akaenda zake.

Asiyeujua ukwe atacheka. Kwetu na kwao, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, haketi naye kiti kimoja, na jambo lolote la uchi halipiti kati yao hata kwa mzaha. Kwenye tramu kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, nami nikaning'inia kama nguo kwenye kamba, huku bibi mmoja wa Kibelgiji akinisihi nikae. Na mji wenyewe umejaa watu wa mawe wasio na nguo! Baridi yote ile, Wazungu hawa wanachonga watu uchi na kuwaweka bustanini. Nilipinda njia siku nzima kama mwizi.

Kwenye tao kubwa la Cinquantenaire mama alisimama kwa muda mrefu akiwaangalia farasi walioko juu.

"Ile ni shaba," akaiambia hewa. "Shaba ya kwetu."

Sikubisha, maana kwao Lubumbashi ndiko Wabelgiji walikochimba shaba enzi za ukoloni. Tukaenda kanisa kuu, limefunikwa na majukwaa ya mafundi. Tukaenda mahakama kuu, majukwaa tena.

"Banajenga bado?"

"Wanakarabati, maman."

"Kila siku?"

Mvua ikaanza, ile ya Brussels isiyonyesha wala kukatika. Tulipomaliza Grand-Place nikamshukuru Mungu moyoni. Hapo ndipo akauliza, "Na ule mutoto?"

"Mtoto gani, maman?"

"Ule wa kukojoa. Bantu bote benye banatoka Bruxelles banarudia na photo yake. Miye nikirudia bila, batasema nilibakia ku Kinshasa."

Nikamwambia ni mbali. Mbali wapi, ni nyuma tu ya jumba la jiji. Nikasema naye anakarabatiwa. Mama akamsimamisha polisi, akamuuliza kwa Kifaransa cha shule ya masista, akaelekezwa, akatangulia. Niliudhika mpaka machozi yakanilenga. Nchi ina majumba ya wafalme, na alama yake ni sanamu ya mtoto uchi anayekojoa hadharani! Na ndoa yangu ndiyo ikafie hapo?

Nilimfuata nikiangalia mawe ya barabara. Tulipofika kwenye kona yenyewe nikaipa mgongo. Nikasikia watalii wanacheka, kisha sauti ya mama.

"Mais non! Banamuvalisha nguo!"

Nikageuka. Kweli, siku hiyo walikuwa wamemvika, kama wafanyavyo kwenye sherehe zao. Kalikuwa na koti, kofia, na vifungo mpaka shingoni. Maji yalitoka, lakini cha kutia aibu hakikuonekana. Halafu kalikuwa kadogo! Unaweza kukabeba kwapani.

"Natoka Lubumbashi, bananifichia?" mama akafoka. "Na kadogo hivi! Nani atakajua?"

Alikuwa ananitazama usoni, na mimi kwa hasira nilikuwa namtazama vilevile. Tulikuwa tumechoka na kulowa sawasawa. Akampa mtalii mmoja kamera yake na kujipanga mbele ya uzio. Mtalii alipoinua kamera, mama akamzuia kwa mkono.

"Attendez, monsieur." Akanigeukia. "Weye, kuya huku."

Nikaenda, nikasimama mbali naye kama heshima inavyotaka.

"Karibia! Kule nyumbani batauliza huyu ni nani."

Nikasogea hatua moja. "Utawaambia ni nani, maman?"

"Nitasema ni mukwe wangu. Sasa angalia mbele, mvua inaninyeshea."