Mbao Nne za Mama Furaha

Mwanangu, kaa hapo, chai inakuja. Nimesikia unafungua shule yako, na shangazi zako wote wanashangilia. Mimi pia nashangilia. Lakini kuna asubuhi moja sijawahi kukusimulia, na leo utaisikia, upende usipende.

Nilikuwa na miaka thelathini hivi, kichwa kigumu, tayari directrice, yaani mwalimu mkuu, wa shule ya msingi hapa Goma. Shule gani! Mbao juu ya mawe ya volkano, bati juu ya mbao. Vita vilikuwa vimejaza mji, na watu waliokimbia Masisi walikuwa wamejenga vibanda vya kambi yao hadi Kanyaruchinya, nje ya mji. Serikali haikutulipa, waliotulipa ni wazazi. Watoto wakihama, mwalimu analala njaa. Na ng'ambo ya barabara Muzee Salumu, mtu wa Maniema, akafungua shule yake. Ee Mungu, jinsi nilivyomchukia yule mzee mpole! Akipaka rangi mlango mmoja, mimi napaka miwili. Akishona sare, mimi naongeza tai.

Wazazi, wao, walitazama mtihani wa darasa la sita tu. Shule iliyotundika kitambaa cha cent pour cent, yaani wote wamefaulu, ndiyo iliyojaa mwaka uliofuata. Basi nikafanya ushetani wangu. Wale wadhaifu niliwaondoa kabla majina ya mtihani hayajapelekwa. Mmoja wao alikuwa Furaha, binti wa Masisi. Hesabu aliijua, Kifaransa ndicho kilichomshinda, maana miaka miwili alikuwa akikimbia risasi, hakukaa darasani. Nilimwita mama yake nikamwambia, kwa sauti tamu kabisa, amtafutie mtoto shule nyingine. Nilijua wazi kwamba asipofanya mtihani mwaka ule, hakuna atakayemsomesha mwaka mwingine. Nilijua, na usiku nililala vizuri.

Kesho yake, tukiwa kwenye bendera, Mama Furaha akaingia uwanjani na nyundo mkononi.

"Mama Furaha, kuna nini?"

"Sikuye kugombana, Mama Directrice. Nakuya kukamata mbao zangu. Mutoto wangu hasomi tena hapa, njo vile?"

Kuchukua mbao zake! Hapo nikakumbuka. Tulipojenga, kila mzazi aliombwa mbao, na huyu mama alileta nne alizozitoa kwenye kitanda chake. Tangu hapo alikuwa analala chini. Aling'oa misumari mmoja mmoja, akainyoosha juu ya jiwe, akaifunga kwenye kitenge, akajitwika mbao zake, akaondoka. Ukuta wa darasa la sita ukabaki na tundu la kupita mbuzi. Watoto walicheka. Mimi niliona aibu. Kupitia tundu lile nilimwona akivuka barabara kwenda kwa Muzee Salumu, Furaha nyuma yake.

Siku mbili nilijifanya mgonjwa. Ya tatu nikavuka na mimi. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Muzee Salumu alinipa kiti.

"Furaha nimemuandika," akasema. "Lakini usinililie, binti yangu. Mimi pia nilitoa mutoto mmoja, mwezi uliopita. Niliogopa kitambaa chako. Sasa yuko nauza sambaza, vile visamaki vya ziwa, kule sokoni Kituku."

Tulitazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye dirisha moja. Kisha nikasema, "Muzee, simama. Twende tumutafute."

Tulimkuta ufukweni, katikati ya mabeseni ya samaki, msichana mwembamba mwenye magamba mpaka kwenye nywele. Shangazi yake alitutukana sawasawa, na haki yake, kisha akamwachia. Majina ya watoto wote yakarudi kwenye orodha ya mtihani. Mwalimu wa Kifaransa wa Muzee Salumu alikuwa hodari, wangu alikuwa hodari wa hesabu. Basi kila alasiri madarasa mawili ya sita yakasoma pamoja, wamebanana, huku walimu wakinung'unika kwamba directrice amerogwa.

Matokeo yalipotoka, hakuna aliyetundika kitambaa, si mimi wala yeye. Wawili walianguka, wakarudia mwaka palepale. Wazazi wengine walinihama, na niliumia, sikufichi. Lakini Furaha alipita! Mama yake alicheza barabarani, katikati ya shule mbili, mpaka pikipiki zikasimama kumngoja. Na mwaka uliofuata watu wa kambi walituletea watoto wengi hata viti vikakosekana, huku na huku.

Sasa nikuambie wazi, mwanangu. Shindana, sikukatazi. Bila Salumu nisingetafuta mwalimu mzuri wala kuamka mapema. Na anayefundisha lazima ale. Lakini shindana kwa kufundisha, usishindane kwa kuchagua watoto. Siku faida itakapokunong'oneza umtoe mmoja, mchukue huyohuyo ukae naye wewe mwenyewe, umfundishe. Na ukisikia shule inajisifu kwamba wote wamefaulu, usiwahi kupiga makofi. Uliza kwanza: wote ni akina nani?

Mungu akujazie madarasa. Akupe chakula cha nyumba yako, na akupe subira kwa mtoto anayechelewa kuelewa. Asitoke kwako mtoto wa mtu akilia. Kunywa chai sasa, imepoa.