Usafi wa kupokea wahesabu majani

Sijui kama mimi ndiye wa kuandika mambo haya. Shule niliishia mapema, na mimea ninayoijua kwa hakika ni ile inayoingia sufuriani. Lakini nilikuwepo, na sijaona mwingine akiandika.

Bonde letu liko nyuma ya nyumba za mwisho huku mtaani Ngezi. Wakati wa ukavu linakuwa la manjano na vumbi, na anayelitazama kutoka juu anaweza kulidharau. Ndani yake mnaota lengalenga, ule mchicha wa pori, ngai-ngai yenye majani machachu, mboga chungu na majani ya kuchemshia mtoto mwenye tumbo. Jirani yangu, mama aliyekimbia vita kule Djugu na wajukuu wake, anaishi kwa bonde hilo. Asubuhi anachuma, mchana anauza kandokando ya barabara, jioni wanakula kilichokosa mnunuzi. Shamba lake lilibaki kule. Hapa hana hata pa kupanda kitunguu.

Siku moja shefu wa avenue yetu, mkuu wa mtaa, akatukusanya. Wataalamu wa mimea wanakuja kukagua majani ya pori. Wakikuta aina nyingi, bonde litaachwa lilivyo. Wakikuta patupu, litapandwa mikaratusi, na chini ya mikaratusi hata magugu yanakata tamaa. Lazima niseme haki: alieleza vizuri kuliko redio. Halafu, bila kuvuta pumzi, akatangaza salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi. Wageni wanakuja, je, watukute katika pori?

Jirani yangu ndiye peke yake aliyenyoosha mkono.

“Shefu, si wanakuja kuangalia hayo majani?”

“Mama, mugeni akikuja kwako, unamupokea na uchafu?”

Akashusha mkono. Mkimbizi anayekataa salongo anasemwa mwaka mzima. Jumamosi kila nyumba ikapewa kipande chake, naye akainamia chake na kung’oa kwa jembe chakula cha wajukuu wake. Tulilima, tukachoma, tukafagia. Ndiyo, kwa ufagio. Mimi pia nilifagia, na kusema kweli palipendeza sana.

Kilibaki kipande kimoja tu, cha shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Alituma habari kwamba mgongo unamuuma. Ni mgongo wenye akili: unaanza kuuma salongo ikianza, unapona mpira ukianza. Jirani yangu, akiwa na majivu hadi kwenye nyusi, alikwenda mpaka mlangoni kwake kumwambia kwamba yeye ni bibi na ameinama, na kijana mzima amelala.

“Mama,” shemeji akamjibu kutoka ndani, “majani yangu hayajalalamika.”

Jumatatu wataalamu wakafika. Walikuwa na kadre ya mbao, yenye pembe nne: wanaitupa chini, halafu wanahesabu kilichoota ndani yake. Wakaitupa. Ndani kulikuwa na udongo na alama za ufagio. Wakaitupa mbele zaidi. Alama za ufagio. Mkubwa wao, mama mmoja wa kofia pana, mwenye adabu kabisa, akauliza kama kulipita ugonjwa.

“Hapana, madame,” shefu akasema, kifua mbele. “Tulifanya usafi.”

Mwenzake akanung’unika kwamba hapa ni kama jangwa, akaandika. Jirani yangu alikuwa nyuma yetu na kikapu kitupu, akifunga kitenge chake, akifungua, akifunga tena. Kichwani alikuwa amekwisha kuiona mikaratusi.

Hapo shefu akakumbuka heshima ya avenue.

“Mutusamehe na kule pembeni. Kuko mutu mumoja muvivu.”

Wataalamu walikuwa wamekwisha kukimbilia huko. Katika pori la shemeji walikaa mpaka jua likageuka. Lengalenga ilifika magotini, ngai-ngai ilifunga njia, na jani moja ambalo hata mbuzi wetu wanalikataa lilipigwa picha na mtu aliyelala kwa tumbo. Shemeji akatokea, mgongo umenyooka, mikono nyuma kama tajiri mwenye plantasyo ya kahawa. Wakamuuliza kwa nini hakukata.

“Miye napenda nature,” akasema.

Jibu lilipofika, shefu alilitangaza kana kwamba lilikuwa shauri lake: mikaratusi haitakuja, bonde liachwe liote tena, mbegu zishuke kutoka kile kipande. Labda walikuwa na sababu nyingine pia. Sikuwa ndani ya kichwa chao.

Mboga chungu ya kwanza ilipoota, jirani yangu aliipika mwenyewe na kumpelekea shemeji. Huyo akachungulia sahani, akauliza kama hakuna sombe ya majani ya muhogo.

“Kula, muvivu,” jirani akamwambia. “Ni ya kwako.”

Akala yote, akilalamika. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na salongo ya mitaro. Mgongo ukaanza kuuma, na jirani yangu, bila kusema neno, akachukua jembe na kwenda kuchimba kipande chake na cha shemeji.