Nusura tumwache dada Sur kwa sababu ya "kilo": tulivyochagua jenereta ya karavani

Wakuu, salamu aleikum.

Wadogo zangu, shikamoo zenu nimeziitikia huko huko mliko, marahaba. Wakubwa kwangu sidhani kama wamo humu, na kama wamo wakalale.

Mie ni bibi wa wajukuu, nakaa Ibra, Oman. Unguja niliondoka msichana. Shule nimeisoma kidogo, kwa hiyo mliokuja kunisahihisha herufi pumzikeni. Ninayoyaandika yametokea. Mwanangu Nassor yumo humu humu, nikitia chumvi atanisuta.

Kila siku naona mtu anauliza jenereta ipi inafaa karavani, na wanaomjibu karavani wenyewe wameiona kwenye simu. Kaeni nikwambieni.

Karavani, kwa asiyeijua, ni kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari. Ya Nassor aliinunua kwa mtu wa Nizwa. Ina vitanda, ina jiko, ina choo kidogo ambacho mie sikitumii na sababu zangu ninazo.

Kila baridi ikiingia ukoo wetu unakutana mchangani, upande wa Al Mintirib. Watu wanatoka Sur, Al Qabil, Maskati. Wanalala huko, wanakula shuwa, ile nyama inayofukiwa shimoni, wanatetana, wanarudi makwao.

Mwaka huu jambo kubwa halikuwa nyama. Lilikuwa dada yangu Zuwena.

Dada Zuwena ni mkubwa wangu. Tumezaliwa wengi, tumebaki wawili. Anakaa Sur kwa binti yake. Mapafu yamemchoka, anapumua kwa mashine ya oksijeni: inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, inampelekea puani kwa mpira. Mashine inataka umeme mchana na usiku. Mtungi wa akiba upo, lakini mtungi ni wa kuvukia dharura, si wa kukaa nao.

Tangu apewe hiyo mashine, mchangani hajafika. Mwaka huu akasema, "Mie nataka kuja." Alisema mara moja tu. Dada akiomba kitu mara mbili anakitania, akiomba mara moja anakitaka.

Daktari wake akaulizwa. Akasema aende, ila umeme uwe wa uhakika na mtungi usikosekane.

Ndipo ikaanza shughuli ya jenereta.

Nassor anafanya kazi benki, anapenda mambo yaende kwa hesabu. Akaandika kwenye grupu la familia: "Mama mkubwa, mashine yako kilo ngapi?"

Dada akajibu kwa sauti, maana kuandika hataki: "Kumi na tano, mwanangu."

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya mlioko Bara. Huku Oman hili neno kilo tumelielemea. Nyama ni kilo. Njia ni kilo vile vile, hakuna anayejisumbua kusema kilomita. Umeme nao ni kilo, muuza jenereta kilowati haimalizi. Neno moja linafanya kazi tatu, kama mtumishi wa bakhili.

Tuendelee.

Nassor akaja kwangu na simu mkononi. "Mama, haiwezekani. Kilo kumi na tano hiyo ni jenereta ya kujengea ghorofa. Inataka lori lake peke yake. Mama mkubwa abaki tu, tutampelekea nyama."

Tutampelekea nyama.

Nikamtazama. Mtoto huyu mie ndiye niliyemzaa.

Akaandika kwenye grupu. Watu wakasikitika kwa vile vijuso vya simu vinavyotoa machozi, kisha wakaendelea kupangana nani alete mchele. Dada akatuma sauti fupi: "Hapana neno, wanangu. Furahini."

Niliirudia kuisikiliza. Nyuma ya maneno yake inasikika ile mashine, inahema pamoja naye.

Nikamwambia Nassor, "Kesho nipeleke sanaiya." Ndio mtaa wa magereji na maduka ya mashine.

"Mama, jenereta mimi nishaichagua kwenye mtandao."

"Sikukuuliza umechagua nini."

Tukaenda.

Muuzaji alikuwa kijana wa Kihindi aliyekaa Ibra mpaka Kiarabu chake kimekuwa cha Ibra. Akatuonyesha jenereta tatu.

Ya kwanza kubwa, chuma kitupu, matumbo yote nje. Nassor macho yakamng'ara. Hiyo inaendesha kiyoyozi, televisheni, friji na oveni kwa pamoja. Kijana akaiwasha. Paka waliokuwa chini ya gari wakahama mtaa.

Ya pili ina boksi, imeandikwa "silent".

"Silent ndio nini?" nikauliza.

"Kimya, mama. Haina sauti."

Akaiwasha. Nikamwambia kama hiyo ndiyo kimya, basi mie ni bubu.

Ya tatu ndogo, ina mkono wa kubebea kama sanduku la safari. Inveta. Kijana akaeleza vizuri, nami nawapeni nilivyofahamu. Jenereta ya chuma kitupu umeme wake unapanda na kushuka, taa haijali na feni haijali, lakini mashine yenye akili ndani, ya hospitali au kompyuta, inaweza kudhurika. Inveta inausafisha umeme kwanza, unatoka umenyooka kama wa ukutani. Inakula petroli kidogo na sauti yake mnaweza kuvumiliana nayo. Kasoro yake nguvu ni ndogo, kiyoyozi usikiwazie. Kiyoyozi kinapoamka kinavuta umeme mara mbili tatu ya kinavyokula kikishatulia. Wengi wenu mnaolia humu jenereta imezima mmekamatwa hapo.

"Hii kilo ngapi?" nikamuuliza.

"Kilo mbili."

Nikaishika mkono nikaijaribu. Kilo mbili! Inanishinda kuinyanyua, na kilo mbili za tende nabeba kwa kidole.

"Mwongo wewe," nikamwambia.

Akacheka mpaka akashika meza. "Mama, kilo mbili za kahraba, za umeme! Uzito wake ni kilo ishirini na kitu."

Nassor naye akacheka. Mie sikucheka. Nikatoa simu nikampigia dada pale pale dukani.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Mmefika mchangani?"

"Tuko dukani. Hizo kilo kumi na tano umezipata wapi?"

"Kwenye mizani."

"Mizani gani?"

"Ya bafuni, ya kupimia watu. Nassor kaniuliza kilo ngapi, nikamwambia mtoto aipakie mashine juu ya mizani. Nikajua anataka kujua kama atainyanyua, mwanaume mwenyewe mgongo wake wa benki."

Simu nilikuwa nimeifungulia sauti. Nassor akawa anasoma bei za mafuta ya injini ukutani.

Kijana akasema mashine yoyote nyuma ina kibandiko, kimeandikwa wati zake. Nikamwomba dada apige picha. Picha ya kwanza ikaja kidole gumba cha mguu. Ya pili pazia. Ya tatu kibandiko, na kidole gumba pembeni.

Wati mia tatu na hamsini.

Kijana akamtazama Nassor. "Hii? Birika la chai linakula zaidi ya hii, mara tano, mara sita."

Nassor akasema taratibu, "Mama, lakini bila kiyoyozi..."

"Ni baridi, Nassor. Jangwani usiku utavaa koti."

"Na mpira?"

Kumbe kulikuwa na mechi. Nilikuwa sijui. Mama yake mkubwa abaki Sur apelekewe nyama, lakini mpira utazamwe kwa upepo wa baridi.

Tukanunua inveta. Bei siitaji, mtanianzishia uzi ndani ya uzi.

Naona kuna mtu keshauliza kwa nini tusiweke sola. Jua lipo, mwanangu. Betri ya kuibeba mashine ile mpaka alfajiri ndiyo haipo kwenye karavani yetu. Tulia.

Kabla ya safari nikaamuru ijaribiwe uani kwangu. Dada akaletwa Ibra, njiani akavukia mtungi, akalala kwangu, mashine yake ikaungwa kwenye jenereta kutwa nzima, na umeme wa ukutani upo karibu likitokea la kutokea. Haikutikisika. Nassor akawa anakuja kuigusa gusa kama anampima mtoto homa.

Tukaenda. Tukapita Al Qabil, tukafika Al Mintirib, tukaingia mchangani kidogo tu, si kule ndani ambako magari yanavutwa na kamba.

Jenereta tukaiweka mbali na karavani, upande ambao upepo unauchukua moshi kwenda zake. Hili nalisema kwa ukali. Moshi wa jenereta hauna huruma na wala hunusi kila kitu kilichomo. Usiiweke mlangoni, usiiweke chini ya dirisha, usiifunike na hema ati mchanga usiingie. Watu wamelala hawakuamka.

Na udi nikaukataza karavani nzima, maana oksijeni na moto havikai nyumba moja. Dada alinuna. Mwanamke wa Kiunguja kumwambia asijifukize anakwenda kuonana na watu, ni kama kumwambia atoke bila nguo. Nikamfukizia shela yake huko nje mbali, ikapoa, nikamletea. Akainusa akasema harufu yake hafifu.

Sasa sikilizeni kosa letu.

Tulihesabu mashine ya dada. Tukahesabu friji ndogo, taa, simu. Ikabaki nafasi nzuri tu. Wageni hatukuwahesabu.

Jamaa wakajua Bi Zuwena kafika. Wakaja wote, hema kwa hema, kumwamkia. Na mgeni akifika kwa watu wa Oman kahawa lazima itangulie kabla hajauliza hali. Mkwe wangu Raya, mke wa Nassor, mtoto mzuri, adabu anazo, mikono yake ikakimbia kabla ya kichwa. Akachomeka birika la umeme.

Jenereta ikanguruma. Ikanguruma tena. Taa nyekundu. Kimya.

Mashine ya dada ikaanza kupiga kengele: tiii, tiii, tiii.

Karavani imejaa watu na hakuna aliyepumua, kana kwamba wote walikuwa wamechomekwa pale. Raya kashika birika, machozi yanamlenga. Nassor katoka mbio, kiatu kimoja.

Mtungi wa akiba ulikuwa miguuni kwangu. Mpira nikautoa huku nikautia kule, nikafungua kama binti yake alivyonifundisha.

Dada akavuta pumzi. Akavuta nyingine. Akamtazama Raya, akamwambia, "Mwanangu, nimekata kilo mia na zaidi kutoka Sur, nije niuliwe na birika?"

Mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka, kisha karavani nzima ikaangua kicheko mpaka ikayumba kwenye matairi yake. Raya akacheka na kulia pamoja.

Nassor akachomoa birika, akaiamsha jenereta, mashine ikarudi kuhema. Birika nikalitia kwenye buti la gari na funguo nikazitia kifuani. Kahawa ikapikwa kwenye makaa nje, kama kahawa inavyotaka. Hakuna aliyelalamika ladha.

Jioni wageni wakapungua. Dada akasema anataka kukaa nje. Mpira wake wa pua ni mrefu, ukatoka mlangoni mpaka kwenye mkeka. Akavua viatu akaizika miguu mchangani mpaka vifundoni.

Kisha akasema, "Zima hiyo mashine kidogo, nisikie jangwa."

Kule nyuma jenereta inanguruma. Ndogo, lakini inanguruma.

"Haizimwi, dada," nikamwambia. "Hiyo ndiyo pumzi yako."

Akaisikiliza.

"Basi paza sauti," akasema, "nina mengi ya kukwambia."

Nikapaza. Naye akapaza, kwa kadiri ya mapafu yake. Tukatetana ukoo mzima tangu Unguja mpaka jana, na wenyewe wamekaa mahemani wanasikia kila neno. Hakuna aliyethubutu kutoka kutunyamazisha.

Nililojifunza ni hili. Usinunue jenereta kwa ukubwa wa tamaa, nunua kwa kile ambacho kikizima mtu ataumia. Geuza kila mashine usome kibandiko kwa macho yako, usiulize "kilo ngapi" ukaridhika. Na wageni wahesabuni, pamoja na birika lao.

Haya, sasa uwanja wenu. Mwenye mgonjwa wa oksijeni na aliyewahi kusafiri naye, aseme alifanyaje, watu wafaidike. Wenye kuchekesha wachekeshe kwa adabu. Na anayetaka kunifundisha habari za jenereta kubwa za chuma, aiwashe kwanza kwao, paka wakibaki ndiyo aje.