Nyota na Shati, Kalundu

Miaka ya hamsini, ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika, zikianikwa kando ya bandari ya Kalundu, mimi nilikuwa karani wa mizigo. Asubuhi moja, mwalimu mzee aliyengoja meli aliwasomea wapagazi gazeti la Kifaransa.

“Nyota kubwa sana ikimaliza moto wake, inajiporomokea,” alisema. Akavua kofia, akaifinya mpaka ikatoshea ndani ya ngumi. “Inabaki kitu kidogo, lakini kizito kupita milima hii yote.”

Wapagazi walicheka. Mama mmoja mwenye nguo za matanga hakucheka. Mume wake, mpagazi mwenzao, alikuwa amezama ziwani, naye alikuwa anarudi kwao na shati la marehemu mkononi.

“Mwalimu, ile kitu kidogo, muntu anaweza kuibeba?”

“Hapana, mama. Hakuna.”

“Miye niko naibeba,” alisema, akalikumbatia shati.

Kicheko kilikatika. Wapagazi wawili walimshika mikono, wakampandisha melini.

Siku hizi wajukuu wananifundisha majina: nyota za nyutroni, mashimo meusi. Mwalimu wetu hakuwa nayo, lakini tulimwelewa. Nami, niliyeajiriwa kupima kila mzigo, shati lile nililiacha lipite.