Makala Moja Kuhusu Vidole vya Mama

Dada yangu Shefali, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa wa kwanza kwetu kufika chuo kikuu. Alikulia kwenye mikeka. Mama na wanawake wa kijiji chetu, upande wa Sylhet, Bangladesh, huloweka chane za murta, mmea wa kinamasi, katika maji ya mchele kabla ya kusuka, na vidole vyao huchubuka hadi kucha zinang'oka. Dada aliamua kuandika tasnifu juu ya vidole hivyo.

Alizunguka vijiji, akahoji wanawake. Profesa wake akasema maneno ya wasukaji hayatoshi: asipoleta utafiti uliochapishwa wa kumuunga mkono, yeye hataipokea kazi yake. Na usajili wake ulikuwa unakwisha Idi Kubwa.

Basi akahamia maktaba, kwa kuwa hazina ya makala ilifunguka kwenye kompyuta za humo tu. Aliandika jina la mkeka wetu, hakupata kitu. Mkutubi, Bwana Mokbul, akamtania kwamba anaiuliza mashine kama anayemuuliza shangazi yake. Akamfundisha kutumia maneno machache, kuyaunganisha, kuyabadilisha. Zikaja makala za viwanda vya nchi za mbali, nyingi zimefungwa, unasoma muhtasari tu. Ramadhani nzima alifunga mbele ya kioo cha kompyuta.

Hatimaye akapata moja: watafiti wa ng'ambo, wasukaji wa murta, kijiji chetu kimetajwa. Mokbul akamwandikia mwandishi, ikaletwa yote. Ndani ilisema wasukaji walipoulizwa hawakulalamikia maradhi yoyote ya mikono.

Dada alikuja nyumbani akamsomea Mama. Mama aliwakumbuka vizuri wageni wale.

"Mama, mbona uliwaambia hamuumwi?"

"Walikuwa wageni, mwanangu. Mtu kavuka bahari kuja kukuona, umpe chai halafu umwonyeshe kucha zinazooza?"

"Sasa profesa nimwambie nini?"

"Mwambie mama yako mwongo."

Alimweleza profesa kwa heshima zaidi ya hapo. Profesa akajibu kwamba yeye huamini kilichochapishwa. Dada akarudi kutafuta, hadi mvua zilipoanza na homa ya dengi ikamchukua akiwa hosteli, kazi haijapokelewa.

Watu huniambia ni kadari, nami naikubali, maana sina pa kukimbilia. Lakini nikisujudu sijui niombe nini. Mama siku hizi hapokei wageni. Anasuka akiwa ameupa mlango mgongo. Makala ile bado ipo. Anayetafuta habari zetu ataikuta, na hakuna nyingine.