Kupokea Fimbo Bila Kurudisha

Nakumbuka siku moja ya soko pale Keumbu, mwanangu, nikiwa na miaka kumi na tisa na fimbo mkononi, nilimpiga baba yangu mdogo nikamvunja mkono. Naanza na hilo kusudi. Wazee wengi wakisimulia ujana wao hutanguliza sifa, makosa wakayafungia ndani. Mimi nimezeeka kiasi cha kutoona haya, basi keti nikueleze, na chai yako uinywe ingali moto.

Sisi wa rika langu tulifundishwa fimbo na babu zetu, si na baba zetu. Kwetu Kisii, kati ya baba na mwana pana heshima tunayoiita chinsoni. Mwana hamtanii baba, hashikani naye mieleka, hamwinulii hata kijiti. Na baba si yule aliyekuzaa peke yake. Ndugu zake wote ni baba zako, hata yule aliyezaliwa juzi ukamwona akitambaa. Sasa utamfundishaje mtu fimbo bila yeye kukuinulia fimbo? Lakini kwa babu mambo ni mengine. Babu unamtania naye anakutania, mnaangushana kwenye nyasi na hakuna laana. Kwa hiyo ufundi ule uliruka kizazi kimoja, ukatoka kwa babu ukaenda kwa mjukuu.

Babu yangu, Mzee Moturi, alijifunza katika egesarate, zile kambi za zamani ambako vijana walilala na ng'ombe na kuwalinda, kabla serikali ya Wazungu haijazivunja. Nilipoanza kwenda kwake, wakati wa vita vya Hitler, alikuwa mzee wa meno machache, na boma lake lilikuwa kwenye mteremko upande wa Marani. Mwanangu, nimeona watu hodari maishani mwangu, askari, wanariadha, wapiga mieleka wa shingo nene. Sijaona mtu kama yule. Alikuwa akitupanga wajukuu wanne, kila mmoja na ufito wake, yeye akashika kibuyu cha uji kwa mkono wa kushoto na fimbo kwa mkono wa kulia, kisha akasema, "Haya, nimwagieni uji huu." Tulimshambulia mpaka jasho likatutiririka. Uji hakuna aliyewahi kuumwaga. Akishachoka na sisi, aliunywa wote na hakumwonjesha mtu.

Alichokuwa akifanya kilikuwa kitu kimoja tu: kupokea. Fimbo ikija, hakuizuia kwa nguvu. Aliisogelea kabla haijapata uzito, akailaza yake mshazari, na pigo likateleza likaenda zake chini kama maji kwenye jani la mgomba. Macho hayakutazama fimbo, yalitazama bega la mpigaji. Mwaka wa kwanza hakunipa hata fimbo. Nilijifunza kukanyaga tu, ndani ya migomba, mvua ikiwa imenyesha na udongo unateleza. Mwaka wa pili nilipokea pigo la kulia. Mwaka wa tatu, la kushoto. Na mzee mwenyewe bado alikuwa akijirekebisha! Asubuhi moja nilimkuta peke yake uani, anarudia hatua moja ya mguu, anarudia, anatikisa kichwa. Akaniambia, "Nilipokuwa kijana mkono wangu ulikwenda pima nzima kupokea fimbo. Nikapigwa, nikaupunguza. Nguvu zikapungua, nikaupunguza tena. Sasa unakwenda vidole vinne. Nadhani vitatu vinatosha, ila goti linanikatalia."

Nilimheshimu sana, lakini nilikuwa kijana. Yeye akisema subira yavuta heri, mimi moyoni najibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Miaka mitatu nakanyaga na kupokea tu, nitapiga lini? Nikajitungia pigo langu la siri, la kugeuza kiganja na kupiga ubavuni, nikalifanyia mazoezi nyuma ya boma kwa kuitesa migomba ya watu. Nikaona mimi ni bingwa.

Ndipo ikafika siku hiyo ya Keumbu. Vijana walikuwa wanaanza kurudi kutoka vitani na makoti yao ya jeshi, na mmoja wao alikuwa anajigamba kando ya soko kwamba hakuna wa kumgusa kwa fimbo. Nikaingia. Wasichana wanatazama, watu wamezunguka, mimi nimevimba kichwa. Kabla hatujaanza, akatokea Onchari, mtoto wa mwisho wa Babu, aliyezaliwa na mke wake mdogo. Kwa ukoo alikuwa baba yangu. Kwa umri nilimzidi miaka miwili, na nilikuwa nimembeba mgongoni akiwa mdogo.

Akanishika mkono akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, weka fimbo chini. Twende nyumbani."

Watu wakacheka. Hawakumcheka yeye, walinicheka mimi, jitu zima linaloitwa mwana na kijana asiye na ndevu. Ningemwambia nini? Alikuwa na haki ya kuniita hivyo, na alikuwa na haki ya kunikataza. Lakini hasira hasara. Nikasema, "Mtoto wa jana ananiita mwanawe!" na kiganja kikageuka chenyewe. Alikinga kwa mkono mtupu. Nikausikia mfupa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wasemavyo, ila mimi nilimvunja mwingine. Yule mwenye koti la jeshi alirudi nyuma mbali nami, asije akachangia laana yangu. Mtu aliyempiga baba yake!

Nilikaa siku nyingi nje ya boma letu, nalala kwa mama mmoja wa kanisani, sili na baba yangu, siketi na baba zangu. Onchari alifungwa vibanzi vya mti mkononi. Hatimaye wazee wakakubali tukutane kwa Babu, mbuzi achinjwe, tule pamoja, yaishe. Baba yangu mzazi, aliyekuwa mtu wa kanisa la Nyanchwa, akasali kwanza. Babu, ambaye kanisa alilitazama kwa mbali, akangoja amina, kisha akaendelea na mambo yake.

Nikaomba msamaha. Onchari akasema amenisamehe. Lakini kaka yake wa tumbo moja, Nyakundi, mwanamume wa miaka thelathini hivi, mwenye mabega ya kubeba magogo, akasimama. Akasema, "Mimi sili. Nitakula nikishamwadhibu. Mimi pia ni baba yake, na baba ana haki ya kumchapa mwana."

Hakuna aliyeweza kumpinga, kwa maana alisema kweli. Wote tukamtazama Babu. Naye akamwambia Nyakundi, "Mchape." Kisha akanigeukia mimi, "Orina, chukua fimbo yako. Utapokea. Ukirudisha hata pigo moja, toka katika boma hili wala usirudi, na mimi si babu yako tena. Nyakundi, ukichoka, tutakula."

Basi tukasimama uani, mchana kweupe, ukoo mzima unatazama. Nyakundi hakujua fimbo, alijua nguvu. Alipiga kama anapasua kuni. Pigo la kwanza nililipokea likateleza. La pili vilevile. Nikaona ajabu mguu wangu unakwenda wenyewe mahali pake, ule mguu niliouchukia mwaka mzima kwenye matope. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, mwanangu, na kumbe jiwe lilikuwa limekatika bila mimi kujua.

Halafu nikaliona pengo. Kila alipoinua fimbo kwa mikono miwili, ubavu wake wote ulibaki wazi, na pigo langu la siri lilikuwa limetungwa kwa ubavu hasa. Bega linaniuma, pumzi zinakata, naye anarudi tena na tena. Mara kiganja changu kikaanza kugeuka. Nakuapia sikukiamuru. Nikamwona baba yangu, mikono nyuma, anatazama chini, hawezi kunisaidia wala kunikataza. Nikakishika kiganja katikati ya njia, na kwa kukishika nikachelewa. Fimbo ya Nyakundi ikanipata kidole. Hiki hapa, kitazame, mpaka leo hakinyooki. Nilipiga kelele, lakini sikurudisha. Nikahamisha fimbo mkono wa kushoto nikaendelea kupokea.

Kupiga kitu kinachoteleza kunachosha kuliko kupiga mwamba. Mapigo yake yakawa mazito, yakachelewa, na mwisho akasimama akaegemea fimbo, anahema. Hasira ilikuwa imemtoka yote. Akamgeukia mzee.

"Baba, huyu umemfundisha nini?"

"Kupokea."

"Na mimi? Mbona mimi hukunifundisha?"

Mwanangu, alikuwa na haki ya kuuliza. Baba yake Babu alikufa kabla Nyakundi na Onchari hawajazaliwa. Hawakuwa na babu wa kuwafundisha. Walikulia ndani ya boma la bingwa wa fimbo, wakaona watoto wa kaka zao wanakuja kujifunza, na wao wakakaa pembeni.

Mzee akasema, "Kwa sababu wewe ni mwanangu. Ulikuwa ukisimama pale kwenye zizi unatutazama. Nilikuwa nakuona. Kila siku nilikuwa nakuona, nami sikuwa na njia."

Nyakundi, jitu lile, akaketi kwenye nyasi akafunika uso. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe na kidole changu kilichovimba. Baada ya muda akainuka, akanawa mikono, akakata nyama ya mbuzi. Kipande cha kwanza akampa Onchari. Cha pili akanipa mimi, akasema, "Kula, mwanangu." Nikala, na machozi yakachanganyika na mafuta.

Fimbo hakujifunza kamwe. Lakini tangu siku ile alikuwa akija mchana kuketi na baba yake, mpaka mzee alipofariki. Mimi niliendelea. Pigo la siri nililiacha, nikarudi kwenye kupokea. Ilinichukua miaka mingine kumi na moja kujua mguu wa kushoto unapaswa kutua kisigino kikiwa juu kidogo, jambo ambalo Babu alikuwa ananionyesha tangu mwaka wa kwanza na mimi nilidhani ni uzee unamyumbisha. Nilicheka peke yangu uani kama kichaa. Kisha nikalia kidogo, maana sikuwa na wa kumwambia.

Wewe ni wa rika la wanangu, nami kwa fimbo siwezi kukufundisha. Wanao nitawafundisha, wakija na miguu yao na subira. Wewe nakupa maneno, nayo ni haya. Jifunze kupokea kabla ya kujifunza kupiga, iwe ni fimbo, iwe ni tusi, iwe ni neno la kweli kutoka kwa mdogo wako. Usidharau kazi ya kurudia jambo moja, maana siku ya shida mwili hautakuuliza unachokijua, utafanya ulichokizoea. Pigo ulilojitungia kwa siri ili usifiwe litakutoka siku usiyotaka, na litampata usiyemtaka. Na kama kuna mtu nyumbani mwako ambaye desturi au kazi au aibu imekuzuia kumpa kitu anachokitamani, usingoje akuulize mbele ya watu na fimbo mkononi. Mwite leo umwambie unamwona. Babu yangu alikuwa hodari kuliko wote niliowajua, na hilo alilichelewesha miaka thelathini.

Mungu akupe mkono mwepesi na moyo mzito wa kukasirika. Akupe walimu wasiokuhurumia na baba zako wakufurahie. Siku utakapoinuliwa fimbo, akuonyeshe bega kabla ya fimbo, na baada yake akuketishe na huyo aliyekuinulia mle sahani moja. Nenda salama.