Mama Chapa na skrini inayokata kushoto

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Chapa ameshafika ukurasa wa kumi na moja wa utafiti wa mtu kuhusu kuku wa mayai. Karatasi za mwandiko zimebanwa kwa kibanio cha nguo kwenye kipande cha ubao mbele yake. Miwani imeteremka hadi ncha ya pua, na vidole vinakimbia kwenye kibodi bila yeye kuvitazama.

"Huyu bwana kuku anawajua, ila nukta hazijui," anasema bila kugeuka. "Sentensi imeanza ukurasa wa tisa, mpaka sasa mwisho wake sijauona."

Sebule yenyewe ndiyo ofisi. Kuna kochi la watu wawili, printa juu ya kabati la vyombo, na meza moja pana iliyobeba kompyuta. Kwenye ukingo wa meza hiyo umefungwa usukani mdogo mweusi. Mama Chapa akichapa, kiwiko chake cha kulia hukaa juu ya usukani huo, na wala hahisi tena kwamba upo.

Usukani ni wa mumewe. Wenzake wa barabarani walimpa jina la Kona, kwa jinsi alivyokuwa akipitisha trela kwenye kona kali bila kugusa ukingo, na jina likamganda mpaka nyumbani. Aliendesha malori ya safari ndefu kwa miaka ishirini na sita. Miezi minane kabla ya haya tunayosimulia, alianguka bafuni. Kilikuwa kiharusi. Alipotoka hospitali, mguu ulirudi taratibu, lakini mkono wa kushoto uligoma.

"Mtaalamu wa mazoezi alisema mkono unataka kazi, hautaki huruma," anasimulia Mama Chapa. "Dereva mwenzake akaleta huo usukani na gemu ya kuendesha malori. Nikasema sawa, lakini kompyuta ndiyo inayotulisha. Tukawekeana zamu."

Zamu ni hivi: mpaka saa tisa alasiri meza ni ya Mama Chapa, kwa kurasa zisizopungua arobaini kwa siku. Kuanzia saa tisa mpaka jua likizama, meza ni ya Kona.

Na Kona hakuwa akicheza. Mwenye lori, ambaye madereva wake humwita tajiri, alikuwa amemwambia kwamba gari lake linashikwa tu na mwingine, akipona, arudi. Leseni ilikuwa inataka kuhuishwa kwa kipimo cha afya, na kipimo kilikuwa kimebaki miezi miwili. Kila alasiri mzee alikuwa anajifunza upya kazi yake, na nyumba nzima ilijua hivyo.

Tatizo likawa moja. Lori liligonga. Liligonga ukuta, likagonga nguzo, likaparuza magari yaliyoegeshwa, na kila mara kwa upande wa kushoto.

"Skrini hii inakata," Kona alisema. "Kushoto inakata. Vitu vinachomoza vikiwa vimeshafika."

Mama Chapa akasogea, akavaa miwani, akavua miwani. Hakuona kitu.

"Kona, mimi nashinda humo humo. Kushoto ndiko kila mstari unakoanzia. Pangekuwa panakata, si ningejua mimi kwanza?"

"Wewe unachapa maneno, na maneno yamesimama. Mimi niko mwendo wa themanini kwa saa."

Mama Chapa akaikubali hoja hiyo. Yeye hajawahi kwenda mwendo huo mbele ya kompyuta. Akabadilisha waya. Akafuta vumbi. Akaizima, akaiwasha. Asubuhi skrini nzima kabisa, alasiri inakata.

Akamwendea fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili. Fundi akamweleza kwamba skrini ni ya zamani, inachora picha mara sitini tu kwa sekunde, na gemu za siku hizi zinataka zaidi ya hapo. Hizo mara ndizo zinazoitwa hezi.

"Nikamuuliza, sasa mbona kulia anaona vizuri? Kwani kulia inachorwa mara ngapi? Akanitazama kama nimemtusi," anasema Mama Chapa, na kucheka kidogo.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka. Mteja mmoja aliyekuja kuchapisha barua akamwambia asihangaike na hezi, atazame inchi. Mwingine akaapa kwamba dawa ni skrini iliyopinda, inayomzunguka mtu mpaka masikioni. Video za simuni nazo zikamwambia kwamba skrini ya gemu herufi zake si kali, na skrini ya herufi kali gemu huacha ukungu nyuma. Sasa kwenye meza yenye watu wawili, mtu anunue ipi?

Akafungua daftari. Hezi sabini na tano, hezi mia na arobaini na nne, inchi ishirini na mbili, ishirini na saba, milisekunde moja, milisekunde tano.

"Mimi nimechapa tasnifu za madaktari, nimechapa hukumu za mahakama," anasema. "Lakini ukurasa ule niliuandika kwa mkono wangu mwenyewe na sikuelewa hata mstari mmoja."

Kwa miezi miwili alikuwa akitenga malipo ya ukurasa mmoja katika kila kurasa kumi. Pesa hizo alizikusudia kwa ajili ya macho yake, kwa sababu skrini ya zamani ilikuwa ndogo na ikifika mchana inamtoa machozi. Sasa zikawa pia za leseni ya mumewe. Akikosea, hana nyingine.

Jumanne moja asubuhi walikwenda dukani pamoja. Duka liko juu ya ghorofa, ngazi ishirini na mbili, na Kona alizipanda akipumzika mara mbili. Ukutani skrini kumi na nne zilikuwa zinawaka kwa pamoja. Muuzaji, mwanamke mtaratibu mwenye kalamu nyuma ya sikio, aliwaletea viti.

Mama Chapa ana kipimo chake. Alikuwa amebeba ukurasa wake mmoja wenye namba ndogondogo ndani ya flashi, akataka aonyeshwe ukurasa huo kwenye kila skrini, aone kama tatu na nane zinatofautiana bila yeye kukodoa macho. Muuzaji alimwelewa mara moja. Kisha akamwekea Kona gemu ya magari kwenye skrini ya inchi ishirini na nne, hezi mia na sitini na tano.

Kona akakaa sawasawa, akashika usukani wa dukani. Haikupita dakika, gari likaingia ukutani. Kushoto.

"Hii nayo inakata," akasema.

Wakahamia ya inchi ishirini na saba. Ikakata. Wakahamia iliyopinda, ile ghali kuliko zote. Ikakata.

"Dada," Mama Chapa alimwambia muuzaji, "mna skrini tatu zote mbovu? Au sisi ndio wenye mkosi?"

Muuzaji aliwasha skrini tupu nyeupe, akasogeza mshale polepole kutoka kulia kwenda kushoto.

"Baba, tazama katikati tu. Mshale ukipotea, niambie."

"Hapo," Kona akasema. Mshale ulikuwa umevuka tu katikati. Mama Chapa alikuwa akiuona waziwazi.

Kwenye skrini ya pili, hapo. Ya tatu, hapo hapo. Ndipo muuzaji akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na mzee, akachomoa ile kalamu sikioni.

"Sasa nitazame puani, baba. Kalamu ikipotea, niambie."

Kalamu ikapita hewani, kutoka kulia, mbele ya uso, kuelekea kushoto. Hapakuwa na skrini hapo. Hapakuwa na waya wala hezi.

"Imepotea," akasema Kona.

Muuzaji akaishusha. "Mama yangu mzazi alikuwa hivyo baada ya kiharusi," alisema kwa sauti ya chini. "Mpelekeni akapimwe macho."

Mama Chapa anasema alikaa pale akiwa na flashi mkononi, na mambo yakaanza kumjia moja baada ya jingine. Sahani za mumewe zinazorudi jikoni zimeliwa nusu, wali wa upande wa kushoto haujaguswa. Bega linalojigonga kwenye fremu ya mlango. Majirani wanaomsalimu, naye anapita.

"Nilikuwa namwambia anadeka," anasema, na hapa anaacha kuchapa. "Miezi minane. Maliza chakula, Kona, acha kudeka. Niliona aibu, nikaona uchungu, sikujua nianze na kipi."

Siku mbili baadaye daktari wa macho alithibitisha. Macho yenyewe mazima. Ni ubongo ambao hauusomi tena upande wa kushoto, na mwenye tatizo hilo mara nyingi hajui kwamba analo. Anaweza kufundishwa kugeuza kichwa na kutafuta. Barabarani, hapana.

"Na kwenye meza?" Kona aliuliza.

"Kwenye meza endesha upendavyo, mzee."

Kona alipiga simu palepale, kwenye benchi la nje ya chumba cha daktari. Mkewe alisikia kila neno.

"Tajiri, lori mpe moja kwa moja huyo aliye nalo. Hapana, sijakata tamaa. Sioni kushoto."

Alipokata, aliiweka simu mapajani. Kisha akasema, "Ningekwenda kuua watu, mama. Na ningesema kioo ndicho kibovu." Akalia, na Mama Chapa naye akalia, na watu waliokuwa kwenye foleni wakageuza nyuso zao kistaarabu.

Bado skrini ilikuwa haijanunuliwa. Waliporudi dukani wiki iliyofuata, Mama Chapa alikuwa amechanganyikiwa kuliko mwanzo. Skrini ndogo ingemfaa mumewe, asihitaji kugeuka sana. Kubwa ingemfaa yeye, kwa namba zake. Alisimama kati ya mbili hizo akigeuka huku na huku, mpaka muuzaji akampelekea maji.

Kona ndiye aliyekata shauri. "Funga hiyo kubwa," alimwambia muuzaji. "Mke wangu aone. Mimi nitageuza shingo."

Ni ya inchi ishirini na saba, imenyooka, hezi mia. Mama Chapa anakiri kwamba mpaka leo hajui hizo mia zinafanya nini, lakini tatu ni tatu na nane ni nane, na machozi ya mchana yamekoma.

Inapofika saa tisa, anabana karatasi za kuku, anahifadhi kazi na kuinuka. Zamani angeingia jikoni. Sasa anavuta kiti upande wa kushoto wa mumewe, mahali anapokaa utingo, msaidizi wa dereva, na kazi yake ni kutazama nje.

"Nguzo," anasema. Kona anageuza kichwa, anaiona, anaikwepa. "Baiskeli. Pole pole. Haya, pita."

"Miaka ishirini na sita alikuwa barabarani," anasema Mama Chapa, macho yakiwa mbele, "na mimi sikuwahi kupanda lori lake hata siku moja. Nilikuwa naambiwa tu, nimefika, nimelala, naondoka."

Jumamosi hii hatapokea kazi. Kona amechagua safari ndefu kuliko zote zilizomo ndani ya gemu, saa nne mfululizo, mizigo ya mbao, milima mpaka mwisho. Amemwambia mkewe aandae chai ya chupa na asichelewe, kwa sababu wanaondoka asubuhi na mapema.